Uzi: Wema kwa watoto wa Gredi ya 4 hadi ya 6. Huku Likoni tumeamua kuuchunguza badala ya kuuhubiri

Mwalimu_wa_Ngambo

Wanajukwaa, hamjambo nyote. Walimu wenzangu wa shule za msingi, huu uzi ni wenu, na wazazi karibuni pia.

Mtaala wa umilisi umetaja maadili manane ambayo mtoto anatakiwa akuzwe nayo: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Tumeyaandika kwenye maandalio ya somo, tumeyabandika ukutani kwa kalamu nyekundu, na watoto wanayajua kwa mpangilio wake. Muulize mtoto wa Gredi ya 5 upendo ni nini, atakujibu sentensi nzima bila kukwama. Kengele ya mapumziko ikilia, mtoto huyo huyo anampiga kumbo wa Gredi ya 1 ili afike bombani kabla yake. Hajaona kuwa mambo hayo mawili yanahusiana, na sisi ndio tuliomfundisha hivyo, kwa sababu tumeuweka wema kwenye kapu la maneno ya kukariri.

Rai yangu ni kwamba wema ufundishwe kwa njia ile ile tunayofundishia sayansi. Watoto waulize swali, watoke wakaangalie, wahesabu, wahoji watu, wabishane juu ya walichokiona, kisha wabadilishe kitu kimoja na kwenda kuangalia tena. Mtoto wa miaka 10 au 11 anaifuatilia haki kwa ukali ambao sisi watu wazima tumeshaupoteza. Umri huo ndio anaanza kuchagua rafiki kwa makundi, kumtenga huyu na kumkaribisha yule, na pia ndio anaanza kuweza kukaa kwenye nafasi ya mwenzake akafikiri anavyofikiri. Ukimhubiria anachoka. Ukimpa jambo la kuchunguza atakufuata mpaka ofisini.

Kazi yote iko kwenye swali. Miongozo yetu ina sehemu ya maswali dadizi, ila mengi tunayoyaandika hapo yamekufa kabla somo halijaanza. "Je, ni vizuri kuwasaidia wengine?" Darasa zima litasema ndiyo, mwalimu, na hapo umeshamaliza. Jaribu hili: "Ni wakati gani watu wazuri hawasaidii?" Nilipoliandika ubaoni kulikuwa na kimya kidogo, kisha mikono ikapanda kila upande. Wakati wana haraka. Wakati wanaogopa kuchekwa. Wakati hawamjui mtu. Wakati wanadhani kuna mwingine atasaidia. Mmoja akasema, wakati wana njaa.

Sasa niwaeleze la bombani, maana ndilo lililonifanya niamini njia hii.

Swali walilitoa watoto wenyewe: kwa nini tunasukumana kwenye maji? Shule yetu ina tangi moja na mabomba machache, na maji ya mfereji hapa Mombasa mnayajua, leo yapo kesho hayapo. Tukajigawa. Kundi moja likakaa chini ya mwarobaini na madaftari, kazi yao kutia alama kila msukumo na kuandika dakika uliotokea. Kundi lingine likachora ramani ya kila darasa linapita wapi kufika tangini. Kundi la tatu likawahoji wadogo wa Gredi ya 1 na ya 2. Kulikuwa na sharti moja ambalo sikulilegeza: jina la mtu haliandikwi. Tunachunguza foleni, hatumchunguzi mtoto.

Alama zilipojumlishwa, mwanzoni mwa mapumziko hapakuwa na msukumo karibu wowote. Zote zimerundikana dakika za mwisho, kengele ikikaribia. Na waliosukuma wengi walitoka madarasa ya mbali, au madarasa ambayo mwalimu aliendelea kufundisha hata baada ya kengele kulia. Msichana mmoja aliandika kwenye daftari lake: "Anayesukuma sana si mkorofi. Ni aliyetolewa darasani mwisho."

Nilimwomba aisome mbele ya darasa. Kisha wakaandika ombi, wakalipeleka ofisi ya walimu: tunaomba kengele ikilia mtuachilie, na bomba moja liwe la wadogo peke yao. Walimu wenzangu waliikubali ile ya bomba siku hiyo hiyo. Ile ya kengele ilichukua muda kidogo. Watoto wakarudi chini ya mwarobaini na madaftari yao. Misukumo ilipungua sana lakini haikuisha, na hapo wakazua swali jipya: hii iliyobaki ni ya nini? Wakagundua mingine ni mchezo tu, wavulana wanasukumana kwa kufurahi na anayeumia ni mdogo aliyesimama katikati. Kwa hilo hawakuhitaji ombi la ofisini. Walikwenda kuzungumza na wavulana wenyewe.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Nani mwingine anafanya kitu kama hiki?

Mama_Kisauni

Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni mzazi, sina elimu ya ualimu, ila nina la kusema.

Mwanangu yuko Gredi ya 5, mpole kupita kiasi. Kila siku namfungia mahamri au bofulo la mayai, na kila siku anarudi na njaa. Nikimuuliza anasema amegawa. Mwanzo nilifurahi, nikasema alhamdulillahi mtoto ana moyo. Baadaye nikajua kuna wawili wanamngojea kila mapumziko. Sasa nyinyi mkimfundisha wema zaidi, si mnamtia kwenye mdomo wa simba? Na huku kuna mtihani wa Gredi ya 6 unamsubiri. Hivi kweli kuna faida yoyote ya haya mambo, au ni maneno mazuri tu ya semina?

Mwalimu_wa_Ngambo

Mama, ahsante kwa kuandika wazi. Swali lako la kwanza ndilo gumu, nianze nalo.

Mwanao hagawi, ananyang'anywa. Anachokifanya ni kununua amani kwa bofulo. Mtoto wa umri huo hawezi kutofautisha mambo hayo mawili mpaka asaidiwe, na mahubiri ya kawaida ya "mpe mwenzako" yanamchanganya zaidi, kwa sababu anahisi akikataa atakuwa mbaya. Katika uchunguzi watoto hulifikia jambo hili wenyewe ukiwauliza: je, ungetoa kama ungekuwa na hiari ya kukataa na hakuna litakalokupata? Darasani kwangu waliligawa daftari sehemu mbili, upande huu nilichotoa kwa kupenda, upande huu nilichotoa kwa kuogopa. Hawakuandika majina yao. Nilipokusanya zile karatasi nilijua mara moja kwamba kuna kazi ya kufanya nje ya somo.

Nenda kwa mwalimu wa darasa kesho, umweleze kama ulivyotueleza sisi. Usimwachie mtoto alibebe peke yake. Na kwa mzazi yeyote anayesoma hapa, simu ya msaada kwa watoto nchini ni 116, haitozwi pesa, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

La faida: mwaka 2012 watafiti walichapisha jaribio walilofanya katika shule za Vancouver, Kanada, na watoto zaidi ya 400 wa miaka 9 hadi 11, yaani rika la mwanao hasa. Kwa wiki 4, baadhi waliambiwa kila wiki watende mambo 3 ya wema kwa mtu yeyote wamtakaye. Wengine waliambiwa watembelee sehemu 3. Mwishoni makundi yote mawili yalikuwa na furaha zaidi ya mwanzo, lakini wale wa wema waliongezeka zaidi kwa jambo moja: wenzao darasani walipoulizwa wangependa kufanya shughuli na nani, waliwataja kwa wingi kuliko walivyotajwa wale wengine. Sasa fikiria mtoto anayengojewa na wawili kila mapumziko. Mtoto mwenye marafiki wengi darasani hangojewi kirahisi.

Na huo mtihani wa Gredi ya 6, mama, mtoto mwenye hofu na njaa hausomei vizuri.

Mstaafu_Changamwe

Nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hivyo mtanisamehe nikisema nionavyo.

Nyinyi walimu wa sasa mnazunguka mno. Enzi zetu mtoto akimsukuma mwenzake foleni alionja fimbo mbili, na foleni ikanyooka. Hatukuhitaji ramani wala jedwali. Mtoto alijua hili ni jema na hili ni baya, basi.

Ila nitawapa moja. Kitu tulichokuwa nacho na nyinyi mmekiacha ni dhamana. Pale Changamwe malori ya bandari yanapita mchana na usiku. Kila mtoto wa darasa la 7 alikuwa na mdogo wake mmoja wa kumvusha barabara, asubuhi na jioni. Jina lake limeandikwa kwenye daftari la shule. Mdogo akichelewa, mkubwa ndiye anaulizwa. Nilikuwa na mtukutu mmoja, hashikiki, hakuna mwalimu aliyemtaka darasani kwake. Nikampa mdogo wa darasa la 1 mwenye mguu mbovu. Yule kijana alibadilika kabisa. Alikuwa anabeba mkoba wa yule mtoto kifuani na wake mgongoni.

Mwalimu_wa_Ngambo

Shikamoo mzee wangu.

Kuhusu fimbo, tuseme ukweli ulivyo: viboko shuleni viliondolewa na sheria tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga na pia kumtesa akili. Kwa hiyo mlango huo umefungwa. Lakini hata ungekuwa wazi, nina swali moja kwako, na nakuuliza kwa heshima: ile foleni ilibaki imenyooka mwalimu wa zamu akienda kunywa chai? Watoto wangu waligundua kuwa msukumo unatokana na kengele na umbali wa madarasa. Fimbo ingempata aliyetolewa darasani mwisho, na kesho yake angetolewa mwisho vilevile.

Hilo la yule kijana na mkoba, mzee, nimelisoma mara mbili. Naliiba. Muhula ujao kila mtoto wangu atapewa mdogo, nasi huku tuna barabara ya kivukoni yenye matatu na tuktuk zisizosimama. Na nitalifanya liwe la kuchunguza: kila wiki waandike walichojifunza kuhusu yule mdogo ambacho hawakukijua. Nadhani kilichombadilisha kijana wako ni kwamba alilazimika kumwangalia mtu mwingine kwa karibu, kila siku. Ungependa kuja kuwaeleza watoto mwenyewe? Nauli ya feri kwa waendao kwa miguu ni bure.

Mstaafu_Changamwe

Marahaba. Kwa la fimbo hatujakubaliana. Kuja nitakuja.

Mwalimu_Jomvu

Walimu wangu salaam. Mimi bado mchanga kazini, nafundisha Gredi ya 4, darasa lina watoto zaidi ya 70 na vipindi ni vya dakika 35. Mwalimu wa Ng'ambo, haya yote unayafanya saa ngapi? Mimi nimetengeneza chati ya nyota. Kila anayefanya jambo jema anabandikwa nyota, mwisho wa wiki mwenye nyota nyingi anapewa penseli. Mwanzo ilisaidia. Sasa wanakuja kwangu mbio, mwalimu nimeokota karatasi, mwalimu nimemwazima kifutio, na wakikosa nyota wananuna. Pia sijui hili jambo nalipimaje kwa vile viwango vinne vya tathmini.

Mwalimu_wa_Ngambo

Mwalimu, karibu kazini. Nianze na nyota kwa sababu hiyo ndiyo inayokusumbua.

Kuna jaribio la 2008, la Felix Warneken na Michael Tomasello huko Ujerumani. Watoto wadogo sana, wa miezi 20, walimsaidia mtu mzima kuokota kitu kilichomwanguka. Wengine walipewa kichezeo kila waliposaidia, wengine walishukuriwa kwa maneno, wengine hawakupewa chochote. Baadaye zawadi zilipoondolewa, waliokuwa wakipewa kichezeo ndio waliosaidia kidogo kuliko wenzao. Ikiwa mtoto wa miezi 20 anajifunza kuwa msaada una malipo, wako wa miaka 9 ameshajifunza zamani. Ondoa chati, lakini usiiondoe kimyakimya. Waulize: tangu tuwe na nyota, nini kimebadilika? Waache waichunguze wao. Watakwambia mambo ambayo hukuyaona, kama vile wema wanaoufanya njiani kwenda nyumbani haupati nyota kwa sababu mwalimu hayupo.

Vipindi: sichukui kipindi kipya. Kuhesabu na kuchora grafu ninakuweka ndani ya Hisabati, kwa sababu data imo kwenye mtaala. Mahojiano ninayaweka kwenye Kiswahili, kusikiliza na kuzungumza. Swali lenyewe linakaa kwenye Masomo ya Jamii au kipindi cha dini. Kwa watoto 70, makundi ya watu 7, kila kundi na jambo lake dogo. Usiwape wote swali moja, hutamaliza kusikiliza. Vifaa ni daftari, penseli na karatasi moja ya manila ya kubandika maswali ambayo hayajajibiwa. Ile manila usiitoe. Mwezi wa tatu mtoto atasimama mbele yake na kusema, mwalimu, hili sasa naweza kulijibu.

Tathmini: usimpe mtoto alama ya wema. Nakusihi. Mtoto aliyeandikiwa "mbali na matarajio", kile kiwango cha chini kabisa, kwa upendo utamrudishaje? Pima uchunguzi wake: aliuliza swali linalochunguzika? Alileta alichokiona kwa macho au alileta uvumi? Alimsikiliza aliyempinga? Hivyo vinapimika kwa vile viwango vinne bila kumgusa mtoto utu wake.

Ustadh_Guraya

Asalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh, na kwa wasio Waislamu, salamu za amani.

Nimeusoma uzi huu wote baada ya isha. Watoto wenu wa asubuhi ndio watoto wangu wa alasiri, wanatoka kwenu wanakuja chuoni, yaani madrasa, na mikoba ile ile. Kwa hiyo nawajua.

Naona mmemtazama sana anayetenda wema. Anayetendewa mmemweka wapi? Sisi tumefundishwa kuwa sadaka bora hutolewa kwa siri, hata mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Na Wakristo walio darasani kwenu wanalo hilo hilo katika Injili ya Mathayo. Hii si kwa ajili ya anayetoa peke yake. Ni sitara ya anayepokea. Hapa mjini mtu anaweza kukaa na njaa siku nzima na kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, na ukimpa mbele za watu umemvua. Watoto wetu wamezoea picha za kwenye simu, mtu anatoa unga na kamera iko usoni mwa maskini. Hilo nalo walichunguze.

Mwalimu_wa_Ngambo

Waaleykum salaam, ustadh. Umegusa penyewe.

Tulilifanya hilo, na nilikuwa na wasiwasi mkubwa. Swali lilikuwa: umewahi kusaidiwa ukaumia? Kila mtoto aliandika kwenye kipande cha karatasi bila jina, akatia kwenye kikapu, nami nikavisoma peke yangu kwanza ili nisiache chochote kitakachomtambulisha mtu. Kimoja kilisema: "Alinipa kalamu halafu akasema kwa sauti, nimekupa tena."

Nilipokisoma hicho darasani, nikanyamaza. Watoto wakaanza kulichambua lile neno "tena" kama wanavyochambua shairi. Mmoja akasema neno hilo linamhesabia mtu. Mwingine akasema bora angemnyima. Wa tatu akatetea: labda aliyetoa naye kalamu zake zinamalizika na nyumbani atagombezwa, kwa nini hatumfikirii yeye? Walikaa hapo kipindi kizima.

Mwisho wakaja na kasha. Kasha la kawaida la katoni, kona ya nyuma ya darasa, ndani yake penseli, vifutio, vipande vya rula, karatasi. Mwenye cha ziada anatia, mwenye haja anachukua, haulizwi mtu wala haandikwi mtu. Wakaweka na sharti kwamba kila mtoto lazima alifungue lile kasha angalau mara moja kwa siku, hata kama hana haja, ili anayechukua asijulikane. Sharti hilo mimi nisingeliwaza. Amelitoa mtoto ambaye, nikimtazama viatu vyake, najua amelifikiria kwa muda mrefu.

Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha British Columbia, John-Tyler Binfet, amewauliza watoto wa shule wema ni nini kwao, na miongoni mwa aina anazozieleza kuna huo wema wa kimya, ambao anayetenda hatafuti kuonekana. Nasi tunao hapa hapa tangu babu zetu, watoto wanahitaji tu kuelekezwa waangalie wapi. Kuhusu zile video za simu, ustadh, nalichukua. Litakuwa swali la muhula ujao, na ningefurahi tulifanye pamoja, shuleni asubuhi na chuoni alasiri.

Mwalimu_Jomvu

Nimeondoa chati leo. Mwalimu, swali lingine. Wakibishana na wasikubaliane? Mimi naogopa darasa kuachwa bila jibu, mkaguzi akiingia itakuwaje?

Mwalimu_wa_Ngambo

Kutokubaliana ndiko unakokutafuta. Nikupe mfano, ni mrefu kidogo lakini ndio ninaoupenda kuliko yote.

Watoto wangu wengi wana mzazi anayevuka feri kila siku kwenda kisiwani. Tukawapa kazi ya nyumbani: muulize mtu mzima, mara ya mwisho ulisaidiwa na mtu usiyemjua ilikuwa lini, na unadhani kwa nini alikusaidia? Wakaja na visa vya kila aina. Mvulana mmoja akaleta cha baba yake, ambaye ni hamali wa mkokoteni. Kivukoni maji yakikupwa, mteremko wa kupandia unakuwa mkali. Baba alikuwa na mzigo wa vitunguu kutoka Marikiti, mkokoteni ukamshinda katikati, ukaanza kurudi nyuma. Watu kama sita wasiomjua wakaweka mikoba chini wakasukuma mpaka juu. Hakuna aliyemdai kitu.

Darasa likapiga makofi. Kisha msichana mmoja akainua mkono: "Hao hawakumsaidia baba yake. Walitaka njia. Mkokoteni ungebaki pale, nao wasingepita."

Mwenye kisa alikasirika, karibu alie. Darasa likagawanyika. Upande mmoja: kama walitaka njia tu, wangepitia pembeni, watu wa miguu wanapita. Upande wa pili: pembeni hapapitiki, wewe hujawahi kupanda feri ya saa 12 jioni. Mmoja akauliza, je, ikiwa wema unamsaidia pia anayetenda, umeacha kuwa wema? Mwingine: baba yako yeye anaonaje? Hili lilikuwa swali zuri kuliko yote, kwa hivyo tukamrudisha mvulana kwa baba yake kwenda kuuliza. Jibu alilolileta kesho yake ni kwamba wanne walipofika juu waliondoka zao, lakini wawili walibaki wameshikilia gurudumu mpaka baba akaweka jiwe. Wale wawili, baba alisema, njia walikuwa wameshaipata.

Hapo msichana akasema amekubali nusu. Nusu nyingine hajakubali mpaka leo, na swali lake liko kwenye manila.

Baada ya hapo ndipo nikawasimulia kuhusu Princeton, Marekani. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo cha dini. Waliambiwa waende jengo la pili kutoa hotuba fupi, wengine hotuba yenyewe ikiwa juu ya Msamaria Mwema. Njiani wakakuta mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kuugulia. Kati ya waliokuwa na nafasi, 63 kwa kila 100 walisimama kumsaidia kwa namna fulani. Kati ya walioambiwa wamechelewa, ni 10 tu kwa kila 100. Na kuwa na hotuba ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Watoto walishangaa kidogo tu. Mmoja akasema, kama kwenye bomba, mwalimu, ni kengele.

Sikuwa nimewatajia bomba. Waliunganisha wenyewe. Mkaguzi akiingia siku kama hiyo, mkaribishe akae kiti cha nyuma asikilize. Jibu moja la pamoja hatakuta, lakini atakuta watoto wanaotoa sababu.

Tahadhari moja kwako kwa sababu ya wingi wa darasa lako: kisa kinachohusu mzazi wa mtoto, muombe mtoto ruhusa kabla ya kukipeleka mbele. Yule mvulana nilimuuliza faraghani kama tuendelee au tuache. Akasema tuendelee, baba yake ana haki.

Mama_Kisauni

Mwalimu, nimerudi na habari. Nilikwenda kwa mwalimu wa darasa. Wale watoto wawili, kumbe mmoja wao hafungiwi kitu nyumbani. Mama yake anatoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu Nyali, anarudi usiku. Nilikuwa nimekwenda na hasira zangu zote, nikabaki nimekaa.

Mwalimu wa darasa amewaketisha wote watatu. Mwanangu amefundishwa kusema "leo sikupi" na akasimama nalo, ndilo nililolitaka. Nimezungumza na mama mwenzangu pia, bila watoto kujua. Natia hamri mbili za ziada kwenye mkoba, zinaachwa kwa mwalimu asubuhi. Ustadh, nimekumbuka maneno yako ya sitara. Yule wa pili bado ni mkorofi tu, na yeye anafuatiliwa.

Swali langu: mimi kama mzazi, shule ya mwanangu haina mambo haya. Nafanyaje nyumbani?

Mwalimu_wa_Ngambo

Mama, umefanya kazi ambayo wengi wangeiacha. Mungu akuzidishie.

Nyumbani usimuulize "leo umekuwa mtoto mwema?" Atasema ndiyo na mazungumzo yataisha. Muulize "leo umemuona nani akisaidiwa?" au "nani leo alikaa peke yake?" Mara ya kwanza atasema hajui. Mara ya pili atasema hajui. Lakini sasa anajua utauliza, basi ataanza kuangalia. Akikuletea kisa, usikimbilie kumwambia lililo sahihi. Muulize kwa nini anadhani ilikuwa hivyo. Na yeye akikuuliza wewe, mjibu kweli. Watoto wangu walipowahoji wazazi, waliochelewa kuleta majibu walikuwa wale ambao wazazi wao walisema "kaulize mwalimu wako."

Mwalimu wa Jomvu, na wengine mlioniandikia pembeni: anzeni na foleni yoyote iliyo shuleni kwenu, ya maji, ya chakula au ya choo. Foleni inahesabika na haina siri ya mtu. Mambo ya njaa, kutengwa na nyumbani yaje baadaye, darasa likishazoea sharti la kutotaja majina. Kabla ya kuwatuma watoto kuhoji watu wazima, wapelekeeni wazazi barua ya kuwajulisha, na mahojiano yafanyike nyumbani au kwa jirani anayejulikana, wasitumwe kivukoni wala sokoni peke yao. Barua yangu ni nusu ukurasa, kwa Kiswahili. Nitaibandika hapa kesho jioni pamoja na ile karatasi ya kutilia alama, mtabadilisha jina la shule tu.